Kiroba Kimerudi, Mchezo Haukurudi

Dada Stazia,

Shikamoo. Sijui kama huko mnaitikia, ila nikianza bila salamu utasema mdogo wako kaota mapembe. Kaa vizuri, leo nina maneno mengi na mengi yake machungu.

Kwanza ya nyumbani. Mpunga si mbaya, ndege ndio wamezidi. Mumeo bado hajaoa mwingine, ingawa kuna mama mmoja wa Mlabani anampelekea mboga kila Jumapili baada ya misa, tena kafunika na kitambaa cha kudarizi. Hayo tuyaache, leo sikuja kwa umbea. Nimekuja kwa ajili ya mchezo wako.

Unakumbuka ulivyouanza? Tulikuwa shamba kwenye dungu tunaamia ndege wasile mpunga, mvua ikatufungia. Ukachukua kiroba kitupu, ukachora kwa mkaa mto, kivuko, madimbwi ya viboko, na Lupiro kule ng'ambo. Ukaniambia, "Wewe ni mkunga, kuna mama anajifungua Lupiro. Mto umejaa. Unafanya nini?" Nikasema napanda mtumbwi. Ukarusha punje zako za mahindi zilizochomwa upande mmoja, zikaanguka nyeusi zote, ukasema kiboko kaibuka. Nilipiga ukelele mpaka ndege wa shamba la jirani wakaondoka. Toka hapo kila masika watu wakawa wanajazana kwetu, huyu mvuvi, yule mwindaji, mimi mkunga mpaka nimeota mvi. Wewe peke yako ndiye uliyejua kilichopo mbele.

Sasa Bosko. Unajua yule ni mtani wetu, ukoo wao na wetu toka kwa mababu. Siku ya msiba wako alikuja kavaa kanga yako, akatandaza kiroba mbele ya jeneza, akaiga sauti yako: "Mto umejaa. Unafanya nini?" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha akakikunja, akasema anaondoka nacho mpaka tukikomboe kwa jogoo. Ndio mila, hakuna aliyenuna. Tulipomaliza msiba tukampa yule jogoo mwekundu mkorofi, akamla, akarudisha kiroba. Nikajua yameisha.

Kumbe alikipiga picha kwa simu. Hatujakaa sawa, mchezo uko madukani, ndani ya boksi, karatasi inang'aa, punje zimekuwa za plastiki. Juu wameandika mtunzi ni Bosko na haki zote zimehifadhiwa. Nimeusoma huo mstari kwa kidole, herufi moja moja, natafuta jina lako. Halipo.

Na lile doa la mafuta ya kambale ulilomwaga karibu na Lupiro, ukanikataza nisilisugue nisije nikafuta mto? Wamelichora, dada. Wamelipaka bluu, wakaliita Ziwa Bosko. Tumezaliwa bonde hili, nani kawahi kuoga kwenye ziwa hilo?

Nikamfuata. Akanikaribisha vizuri tu, na soda akanipa. Akasema kausajili mchezo Dar, una hakimiliki, na nikitaka kuuchezesha na akina mama barazani kwangu nimwombe ruhusa. Nikamwambia, "Bosko, ule ni wa Stazia." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mtani, mmenipa jogoo, nimerudisha. Unanidai nini?"

Nikaenda kwa mtendaji wa kata, kiroba kwapani. Nikakitandaza mezani kwake, boksi pembeni, nikamwonyesha doa na ziwa. Kijana ana adabu, alinisikiliza. Akauliza, "Mama, marehemu aliuandikisha wapi?" Nikasema aliuandika kwenye kiroba, si hiki hapa. Akasema siyo kuandika, mama, kuandikisha. Akauliza tena, "Na kiroba mmerudishiwa?" Nikasema tumerudishiwa. "Basi mali yenu mnayo." Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi wakadakia kwamba mtani akishalipwa jogoo wake hana kesi. Yaani serikali na mila, ambavyo hata juu ya mpaka wa shamba havijawahi kukubaliana, siku hiyo vilikubaliana juu yako.

Lakini boksi siyo linaloniuma zaidi. Juzi niliwasikia watoto wa jirani wanaucheza, na mmoja akasema, "Mto umejaa. Unafanya nini?" Sauti yako kabisa, dada, vile ulivyokuwa unalivuta neno la mwisho, maana Bosko alikuiga wewe, na wao wanamwiga Bosko. Nikatua ndoo chini. Nikawauliza hayo maneno ya nani. Wakasema ya mjomba Bosko.

Nikaingia ndani. Barazani sikutoka tena mpaka asubuhi. Mimi.

Ila kuna kitu wote wamesahau. Utani una pande mbili. Yeye mtani wangu, na mimi mtani wake. Siku Bosko akilala kwenye jeneza, nitakuwa wa kwanza kufika. Nitavaa shati lake la kitenge. Nitafungua boksi mbele ya watu, padri akiwepo, nitaiga kicheko chake, na nitasema yote, kuanzia jogoo mpaka ziwa. Hakuna atakayeninyamazisha, maana maneno ya mtani msibani hayashtakiwi. Kisha nitashuka kaburini nikae humo, na sitoki mpaka wanikomboe. Jogoo wao sitaki. Nataka watoto wake waape mbele ya watu kwamba kila boksi litaandikwa Stazia.

Tatizo mwenyewe ni mzima, ana nguvu kama dume la ng'ombe wa Msukuma, tena mdogo kwangu. Mimi ndiye mwenye presha. Basi dawa nameza kila asubuhi siruki, na chumvi nimeacha. Chumvi, dada, unanijua. Nakuahidi sitatangulia.

Pumzika, Stazia wangu. Mto umejaa, na ukiniuliza nafanya nini, nimekaa ukingoni. Namsubiri Bosko avuke kwanza.

Mdogo wako,
mkunga