Ng'ombe wa Ujerumani

Jumatatu, 6 Juni 1994
Manyunyu Thika tangu asubuhi. Mzee Kagwe ameleta katoni ya kaseti hapa duka la video – ameuziwa na Mjerumani wa shamba la kahawa kule Ruiru, anarudi kwao. Zote Kijerumani. Kazi yangu ni kuziangalia niseme ni za nini, yeye aandike lebo.
Ya kwanza ina picha ya milima, ng'ombe wanono, na mwanamke ameshika ndoo. Kagwe hakungoja niangalie. Ameandika: NG'OMBE WA UJERUMANI.

Jumanne, 7 Juni
Nimeiangalia, pazia nimefunga. Dakika kumi za kwanza kweli ni ng'ombe. Halafu mwanamke anaweka ndoo chini, anapanda ngazi mpaka darini kwenye nyasi kavu, na mkamuaji wake nyuma. Ngai – nguo zote! Mume anatokea, mkamuaji anaruka dirishani uchi, anaangukia samadi. Nimecheka peke yangu hadi machozi.
Lakini iliyonikaa akilini ni ile milima. Kijani tu. Kengele shingoni mwa ng'ombe, hakuna mtu ana haraka. Hata blanketi la kitandani kwao limeumuka kama unga wa mandazi. Nimerudi nyumbani bado naisikia ile kengele.

Jumatano, 8 Juni
Sielewi neno hata moja, kwa hivyo nimewatungia maneno yangu, hapa nyuma ya daftari. Mwanamke nimempa jina langu, Nafuna. Mkamuaji ni Kisilu – kama yule daktari wa ng'ombe wa Gitothua, anayekuja kila Ijumaa kuchukua kaseti na haniangalii usoni. Nampenda, basi. Nimeandika.
Pale darini anamwambia: Nafuna, mikono yako ina baridi, ilete hapa.
Kagwe amenikuta naandika. Nimesema natafsiri. Amefurahi sana.

Ijumaa, 10 Juni
Homa. Sikuenda kazi. Nimeota theluji.

Jumamosi, 11 Juni. Ukumbi wa kanisa, Mugutha
Asubuhi Kagwe ananiambia, tena anajisifu: jana Kisilu alichukua Ng'ombe wa Ujerumani, leo anawaonyesha wafugaji. Na amemwambia Nafuna anajua Kijerumani, ameandika yote kwenye daftari. Nimetoka mbio na slipa.
Nimefika imeshaanza. Wazee, akina mama wa kanisa, pasta kiti cha mbele. Wote wanasifu viwele. Ningesimama niseme nini? Nimekaa nyuma kabisa. Mwanamke akainama kuweka ndoo – stima ikapotea.
Hakuna aliyeondoka. Kaseti iko ndani ya deki, haitoki bila stima. Mama mmoja anauliza ng'ombe kama huyo anatoa lita ngapi. Nimefungua daftari niandike.
Kisilu amekuja kukaa kando yangu. Ananong'ona. Hakupata nafasi ya kuiangalia kwanza, ati huyo mwanamke akishaweka ndoo anafanya nini? Nimesema anapumzika. Amecheka. Ameniangalia usoni, mara ya kwanza. Anataka nimpe daftari asome mwenyewe, awaelezee watu.
Daftari ni hili hili.
Amenyoosha mkono. Anangoja nimalize hii sentensi.
Kule mbele, taa ndogo nyekundu ya deki imewaka.