Harusi Nzima Ndani ya Faili

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu — napenda tu kuliandika, mume wangu — kapiga simu sijapiga hata mswaki. Kazini kwao nyumba moja ya wenye familia iko wazi. Nikituma uthibitisho wa ndoa kabla ya Ijumaa saa kumi, ni yetu. Nahamia kwake! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika.

Nimepiga picha kwa simu cheti cha ndoa, vitambulisho na majibu yetu ya vipimo vya hospitali. Nikaunganisha na picha za harusi. Zote. Wajue tunapendana.

Jumanne, 4 Machi

Limekataliwa. Faili lisizidi megabaiti mbili, na langu lina sitini na kitu. Wifi, dada yake, kacheka hadi akakaa chini. Eti umetuma cheti, au umetuma harusi nzima na wapishi wake?

Nikaenda duka la kuchapa. Mwenye duka akasema niachie, nitalipunguza kwenye tovuti moja hivi. Nikachungulia kompyuta yake: vyeti vya watu vimejaa, majina waziwazi. Hata hati ya talaka ya jirani yetu. Majibu ya damu ya mume wangu yakae pale? Thubutu. Nimeondoka na simu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mume wangu kanielekeza programu inayopunguza faili humuhumu kwenye simu. Nimezima data kwanza, nihakikishe haipeleki kitu nje. Ikafanya kazi bila mtandao. Siri zetu hazijatoka mkononi mwangu.

Ila nimebana kupita kiasi. Muhuri umekuwa doa, na sahihi yake nzuri haionekani. Wifi katazama, kasema kwa hapa umeolewa na ukungu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetoa picha za harusi, moja moja. Ile ya keki imeniuma. Nimebakiza moja: mume wangu ananirekebishia shela, akidhani hakuna anayemwona. Faili likawa dogo lenyewe, nikabana kidogo tu. Muhuri unasomeka.

Nikaanza kutuma — akapiga. Simu yangu hii, ukipokea, mtandao unakatika. Nami kwake hupokea mlio wa kwanza, siwezi kujizuia. Tumeongea mpaka chaji ikaisha. Umeme hakuna. Wifi hanisemeshi.

Ijumaa, 7 Machi

Umeme umerudi alasiri, saa kumi inabisha hodi. Natuma. Nimeweka simu mezani, naandika ili nisiiguse. Mstari wa kutuma unatambaa. Nusu. Wifi kasimama mlangoni, leo hana utani.

Robo tatu.

Inaita. Ni yeye. Humo simuni nimemwandika Pumzi Yangu.

Wifi kanishika mkono. Pokea uone, kasema.

Mpenzi, tangu unioe sijawahi kukuacha uite mara mbili. Leo ita. Ita tu, mume wangu, mstari bado unasogea, bado kidogo, na wewe bado unaita