Zulia Nililoosha Kabla ya Kuligeuza

Baba Njeri,

Pale ulikuwa unafanyia kazi hapa Kitengela, sai wanauza chakula cha kuku. Nyuma, tulipokuwa tunaanika mazulia, wamejenga nyumba za kupangisha. Mimi niliandikwa mahali pa kuosha kapeti, kando ya barabara ya Namanga. Wananiita Nekesa wa Mabeseni. Najua ungecheka, halafu ungenikasirikia: fundi uliyemfundisha mwenyewe, anasugua kapeti za plastiki!

Niko na neno nimelikalia tangu tukuzike. Wacha niliseme kabla sijaogopa tena.

Unamkumbuka yule mwenye duka la mazulia Nairobi? Alikuja mara tatu akitaka umuuzie zulia la Kiajemi la yule mama mjane, lile ulikuwa unashona kona iliyoliwa na wadudu. Akasema atakupa jipya linalofanana nalo, mama hatajua. Ukamwambia, "Si langu, na si lako. Enda nyumbani." Nilijivunia wewe siku hiyo. Lakini akiondoka alinisimamisha kwa geti. Ati mikono kama yangu haifai kuozea huku kwa vumbi, ati nitakuwa fundi mkuu kwa duka lake. Woi, Baba Njeri, niliona raha! Akauliza zulia linaisha lini. Nikamwambia Jumamosi. Akauliza kama Jumapili kuna mtu. Nikamwambia mimi na Mama Njeri huenda kanisa, mzee hubaki peke yake. Nilijibu nikicheka.

Jumapili tulikupata umelala kati ya nyuzi, kichwa kimepasuliwa. Zulia halikuwepo. Watu walisema ni wezi. Na mimi nikasema ni wezi.

Sasa wiki hii dereva mmoja ameleta mazulia manne, anataka haraka. Moja jekundu, la maua, kama mengine mengi tu, lina doa kavu la kahawia. Nikadhani ni soda. Uliniambia mara ngapi, "Geuza kwanza! Zulia hujulikana kwa mgongo"? Sikugeuza. Kazi ilikuwa imejaa. Nikatia maji baridi na siki vile ulinifundisha, nikasugua mpaka doa likaisha kabisa. Ndipo nikaligeuza nilianike, nikaona kona yako. Mafundo yako ya mkono wa kushoto, yamelala kinyume na ya mafundi wengine, na ule uzi mwekundu tulisokota kwa sufu ya kondoo wa kule Bisil. Nikakaa pale pale kwa maji. Nilipomuuliza dereva mwenye mazulia ni nani, alitaja yule yule wa duka la Nairobi.

Nilikimbia polisi. Afisa akauliza, "Damu iko wapi, mama?" Nikasema nimeiosha. Akamwangalia mwenzake. Nikamweleza habari ya mafundo, akasema fundo ni fundo. Kurudi, zulia limeshachukuliwa. Yale niliyosema kwa geti sikumwambia.

Damu yako, Baba Njeri. Niliimwaga kwa mtaro na beseni.

Mama Njeri bado ananiita binti. Kila Jumamosi naenda kwake. Ananikatia mkate, anasema nimebaki mimi wa kukukumbuka naye, kwa sababu watoto wako mbali. Na mimi nakula. Miezi yote hii nakula.

Yule mtu siwezi kumfikia. Ako na mawakili, ako na magari, na mimi niko na brashi. Zulia siwezi kumrudishia mjane wa watu. Hata msamaha sijui nikuombe vipi, maana huwezi kunijibu, hata kunitukana huwezi.

Lala, mzee wangu. Keshokutwa ni Jumamosi. Nitamwambia Mama Njeri nani alisema uko peke yako, na akitaka twende polisi, tutaenda, niseme na huko. Nakuahidi nitamwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanimiminia chai.

Nekesa