Kiti cha Pembeni cha Gari Lako Jekundu

Baba Zuhura,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, na yangu unaweza kuikisia, kwa hiyo tusipotezeane muda. Nimetoka eda. Na gari lako halipo tena uani.

Nakuandikia wazi, bila bahasha, kwa sababu mtaa mzima unaniuliza. Wanasema nimekuwa na haraka. Kaburi la mume halijaota nyasi nami nimeshaliacha likatwe gari alilolipenda kuliko roho yake. Mdogo wako Shabani amekata salamu. Basi nakujibu wewe mwenyewe, na wanaotega sikio wasikie.

Unakumbuka siku lilipofika? Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mzungu mmoja wa tumbaku kule Urambo alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, nawe ulikwenda na lori letu kumchukulia makabati mpaka stesheni. Jioni ukarudi na kitu chekundu, kifupi, cha viti viwili, kimelala chini kama paka anayenyatia. Lori uliliacha huko huko, ukalifuata kesho yake kwa treni. Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Nikakuuliza ile fedha tuliyoweka ya lori la pili iko wapi. Ukalipiga boneti kofi dogo, ukasema, "Hii hapa."

Nikalizunguka nikitafuta pa kuweka mzigo. Nyuma palikuwa na kijisanduku cha tairi la akiba na labda kuku wawili.

"Sasa asali ya biashara tutaiweka wapi?"

"Mama Zuhura, hili halibebi kitu. Ndiyo raha yake."

Nilidhani unatania. Tulipokwisha kula ukanieleza habari za babu yako, aliyebeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani na kurudi na majora ya nguo, mpaka bega lake la kushoto likaota sugu ngumu kama kisigino. Ulisema ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiigusa ile sugu ukidhani ni mfupa uliotoka. Baba yako naye alibeba risasi za wazungu katika vita vyao. Wewe ulibeba magunia stesheni miaka mingi kabla ya kupata lori. "Nataka kwenda mahali, walau mara moja, nikiwa sijabeba kitu," ukasema. Na nisiseme uongo mbele ya watu: usiku ule nilikupenda zaidi.

Na raha ilikuwepo, siikani. Asubuhi za Ijumaa ulikuwa ukinipitisha barabara ya Urambo, mimi nimejifunga mtandio mara mbili usipeperuke, miti inarudi nyuma mbio, na ule muungurumo unaingia mpaka kwenye meno. Ulikuwa ukipiga kelele, "Unasikia? Hatujabeba kitu!" Nami nacheka mpaka machozi. Kiti kile cha pembeni kilikuwa changu. Hakuna mwanamke Tabora nzima aliyekuwa na kiti kama kile, na nilijua wanavyonitazama, na nilipenda wanitazame.

Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilitoa jembe, mgeni wako hakulishika. Alikaa tu akala. Petroli ya kawaida ilimkohoza, akataka ile ya bei. Vumbi la njia ya Nzega lilimziba kabureta. Mashimo yalimvunja springi, na springi zake hazikupatikana Tabora, hazikupatikana Dar es Salaam, zilitoka Ulaya, na kuzitoa Ulaya kulitaka kibali cha fedha za kigeni ambacho serikali, nayo ilikuwa na haki, haikuwa tayari kukitoa kwa ajili ya starehe ya mtu mmoja. Ukawa unazipata kwa njia zako, kwa bei mara tatu. Fundi Jivan, aliyekuwa na gereji nyuma ya soko, alikuambia mbele yangu, kwa upole wake ule: "Baba Zuhura, mimi nakula kwa gari hili, sikatai. Lakini nina aibu sasa. Liuze, ununue Landrova kuukuu."

Ukamwambia, "Jivan, Landrova ni punda."

"Punda anafika," akasema, akaendelea kufunga nati.

Balozi wa nyumba kumi naye akaja. Azimio lilikuwa limeshatangazwa, na gari jekundu la viti viwili katikati ya nyumba za udongo lilikuwa linamuumiza macho. Akakuuliza kwa heshima kama hujioni umekuwa mnyonyaji. Ukamjibu, "Ndugu balozi, nimemnyonya nani? Hili linaninyonya mimi." Mtaa mzima ulicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa neno la kweli, na lililokuwa linanyonywa hasa ni lori.

Lori ndilo lililotulisha. Asali na nta kutoka porini, karanga, mchele wa Igunga, na abiria juu ya mizigo. Kila lilichozalisha kikaenda kwenye tumbo la yule mwingine. Lori likitaka tairi, unasema lingoje, gari linataka plagi. Likitaka breki, lingoje. Mwisho ukaling'oa betri ukaitia kwenye gari, ukaliweka lori juu ya mawe, ukaniambia ni kwa mwezi mmoja. Kuku wakaanza kutagia ndani yake. Nilikuambia kila siku, mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe: tunamkamua ng'ombe kumnywesha farasi. Ulikuwa na jibu lako moja tu. "Mwendo una bei yake. Siku utakayouhitaji, utanishukuru."

Siku hiyo ikaja.

Ilikuwa Jumapili, miaka ile petroli ilipoadimika, magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana. Mimi nilikuwa ndani ya arobaini ya uzazi, nimemlaza mtoto wetu wa pili kifuani. Adhuhuri akaingia jirani yake mama yangu, ametota jasho, ameendesha baiskeli tangu alfajiri kutoka kijiji kipya upande wa Puge walikohamishiwa. Mama anaumwa tumbo. Hawezi kusimama. Mganga wa zahanati amesema apelekwe Tabora leo leo, si kesho. Basi hakuna, lori hakuna, njia nyeupe.

Hukuuliza habari za marufuku. Ulichukua ufunguo, ukanitazama, na macho yako, Mungu anisamehe, yalikuwa yanang'aa. Hukufurahia ugonjwa wa mama, najua. Ulifurahia kwamba gari lako limepata kazi hatimaye. Nami nilipolisikia likinguruma kuishika njia ya Nzega nilisema moyoni: leo nitalibusu lile bati.

Kilichotokea huko sikukiona. Wewe hukunisimulia hata siku moja. Amenisimulia mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa anamuuguza.

Ulifika mapema kuliko walivyotegemea. Walidhani jirani bado hajafika hata nusu ya njia. Ukasimamisha gari mbali na nyumba, kama inavyotakiwa, ukageuza uso, ukaagiza wamtoe mgonjwa. Wakamtoa na mkeka. Mama alikuwa na akili zake zote. Akalitazama gari. Akaviona viti viwili, cha dereva na kingine, na kati yao nafasi ya kupita kiganja.

Hapo ndipo mwendo wote ulipoishia.

Nani asiyejua kwetu mkwe na mama mkwe wanaishije? Wakikutana njiani mmoja anaingia porini kumpisha mwenzake. Wakisalimiana, kila mmoja anatazama upande wake. Nawe ulikuwa mkwe wa kupigiwa mfano; miaka yote ile mama hakuwahi kukuona meno. Katika lori halikuwa jambo. Wewe mbele, yeye nyuma juu ya magunia, bati katikati yenu. Alisafiri hivyo mara nyingi, akishuka anasema mkwe wake anaendesha vizuri.

"Mwambieni mkwe wangu namshukuru," mama akasema. "Lakini pale nitakaaje? Goti langu na goti lake?"

Mama mdogo akamwambia, "Dada, ni ugonjwa. Ugonjwa hauna mkwe."

"Tumbo lina dawa. Aibu hii dawa yake iko wapi?"

Ukasema kwa kupitia watu kwamba utatoa mbuzi, mwiko uondolewe. Akajibu kwamba mbuzi wa namna hiyo hupokewa na wazee wa pande mbili, na mpokeaji akiwa amesimama kwa miguu yake. Ukaomba mtu mwingine yeyote aendeshe. Kijiji kizima hapakuwa na aliyewahi kushika usukani. Ukaomba wamfunike macho. Mama mdogo anasema hapo ulikuwa unalia, umetazama porini, na gari muda wote linaunguruma kwa sababu uliogopa kulizima, betri isije ikakataa. Linaunguruma na kunywa petroli, pale pale, haliendi.

Hakukubali. Siwezi kumlaumu, na nimejaribu. Mtu aliyeishi miaka yote kwa heshima hiyo, kukaa ubavuni pako ilikuwa kama kumwambia avue nguo sokoni.

Ukarudi Tabora peke yako kutafuta lori la kuazima. Watu wa njiani mpaka leo wanausimulia mwendo ule. Hukuwahi kuliendesha hivyo, hata Ijumaa zetu. Kwenye kizuizi askari alikusimamisha akakuuliza mbona unatembea saa za marufuku, ukamwambia una mgonjwa. Akainama, akachungulia kiti cha pembeni. "Mgonjwa yuko wapi?" Hilo uliniambia wewe, miaka baadaye, na ndilo pekee uliloniambia.

Na uani kwetu lori la kumchukua mama lilikuwepo, limekaa juu ya mawe, limejaa mayai ya kuku.

Lori la kuazima ulilipata asubuhi. Watu wa kijijini walikuwa wamechoka kungoja, wakampakia mama kwenye mkokoteni wa ng'ombe wakaanza safari. Mkakutana njiani. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya mkokoteni, ameshamfunika. Anasema ulishuka, ukasimama mbali, ukageuza uso.

Baada ya matanga ulilifunika gari turubai. Hukuliendesha tena, na hukuliuza. Kila Ijumaa ulilifunua, ukaliosha, ukalifunika. Nilikuwa nikikuchungulia dirishani nikisubiri useme neno, nami niseme langu, na hivyo ndivyo tulivyoishi. Kisha, lori lilipokataa kuwaka tena, ukarudi stesheni kubeba magunia, ukiwa na mvi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Bega lako likaota sugu. Nilikuwa nikilikanda kwa maji ya moto, nikiigusa ile sugu, nikijua unamwaza babu yako. Kifua kikakubana, na mwaka huu kikakumaliza.

Hata kwenye msiba wako gari halikukuacha. Watani wetu Wazaramo, wafanyakazi wa reli, walikilaza kinu changu mbele ya jeneza, mmoja akakipanda, akaunguruma, akakataa kwenda mpaka anyweshwe. Wenzake wakamwagia maji mdomoni. "Mafuta ya bei! Mafuta ya bei!" Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilicheka pia. Nilikuwa nimekaa miaka nikisubiri mtu aseme hadharani.

Sasa sikiliza nilivyoamua. Walikuja wanunuzi wawili. Wa kwanza kijana wa Dar es Salaam, nadhifu, aliyelizunguka akipiga mluzi. Alitaka kulifufua lote, na alitoa bei nzuri. Shabani alitaka nimpe huyo, jina lako liendelee kutembea barabarani. Wa pili walikuwa wazee wa kijiji chake mama. Walitaka injini tu, waifungie mashine ya kusagia, maana wake zao bado walikuwa wanasaga kwa mawe. Walikuwa na fedha kidogo na aibu nyingi.

Nilimtazama yule kijana, nikamwona tayari kwenye barabara ya Urambo, na msichana pembeni yake amejifunga mtandio mara mbili. Nikashindwa. Nikawapa wazee, na viti nikawaongezea. Walikata bodi hapa hapa uani kwa msumeno. Nilikaa ndani, nimeziba masikio ya mjukuu wetu kana kwamba ni yeye anayeumia.

Juzi nilikwenda kuiona. Wameifunga kwenye kibanda cha matofali. Sauti ni ile ile, Baba Zuhura. Nilipoisikia nikiwa bado barabarani nilijikuta nimeushika mtandio. Unga unatoka mweupe, laini. Fundi wa mashine akaniambia, "Inasaga vizuri, mama, lakini inakunywa. Sijui kama tutaiweza." Nikamwambia sisi hatukuiweza. Ameketi kwenye kiti chako cha dereva, wamemfungia juu ya gogo.

Kile cha pembeni wamekiweka nje, kivulini, kwa ajili ya wanawake wanaongoja zamu. Ngozi yake bado nzuri. Walikuwepo wanawake wengi, wameketi juu ya magunia, juu ya ndoo, chini vumbini. Mama mdogo alikuja na debe lake la mtama. Ni mzee sasa, magoti yanakunjika kwa shida. Nikamshika mkono nimkalishe kitini. Akautoa mkono wangu taratibu, akatandika kanga yake chini, kando ya kiti, si karibu sana.

"Kaa juu, mama mdogo. Hakina mtu."

"Kina mtu," akasema, akageuza uso.

Nikakaa chini naye, tukangoja unga.

Lala, baba watoto. Safari hii umekwenda kama ulivyotaka, hujabeba kitu. Umeniachia mimi.

Mkeo,
Mama Zuhura