Mama Yako Ameosha Magari

Sadiki, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa dukani. Mvua inanyesha Butembo tangu asubuhi, wateja hawaji. Zamani, siku kama hii ungenipigia simu kutoka Beni kuniuliza barabara ikoje, kisha barabara tungeisahau, tungeanza kuzungumza habari ya kutu mpaka unités za simu ziishe. Sasa sina mtu wa kuzungumza naye habari ya kutu.

Nina neno la kukuambia. Mama yako ameosha magari yako.

Usikasirike bado. Nisikilize kwanza.

Siku tuliyokuzika nilisimama nyuma kabisa, Mkatoliki peke yangu kati ya wajomba zako, nikiangalia viatu vya watu kwa sababu sikuweza kuangalia mbele. Viatu vyote vilikuwa na matope. Matope hayo hayo ya njia ya Oicha ndiyo yaliyoiteremsha camion, lile lori la kakao, mtaroni, nawe ukiwa kwenye usukani. Walikuleta nyumbani umejaa matope. Sikulia. Nilisema amina pamoja na wengine, nikarudi Butembo, nikafungua papeterie, duka langu la madaftari na kalamu, kama kawaida.

Unakumbuka ulivyoingia humu mara ya kwanza? Uliniuliza kama niko na feutres, kalamu za rangi ya maji, zile zenye ncha laini kama brashi. Nikakutolea boîte, kisanduku cha kalamu za watoto. Ukaziacha zote nzuri, ukachagua ya kahawia, ya kutu na ya majivu. Nikakuuliza mtoto wako atachora nini na rangi mbaya hivi. Ndipo ukatoa mfukoni jeep ya kijeshi ya plastiki, ndogo kama kipande cha sabuni, ukaiweka juu ya comptoir, meza ya duka.

"Iko mupya sana," ulisema. "Nani alishaona jeep ya jeshi ya mupya huku kwetu?"

Ukaweka nukta pembeni ya mlango wake, ukalowesha kidole kwa mate, ukazivuta kuelekea chini. Mbele ya macho yangu nukta zikawa kutu iliyoshuka na mvua ya miaka. Mimi niliyekuwa nauza rangi sikujua rangi inaweza kufanya vile. Jeep ile ukaniachia. Tangu siku hiyo kila uliposhuka au kupanda na mzigo, ulisimama hapa, na mimi nikajifunza pole pole: vumbi juu ya kapo ya injini, moshi nyuma, matope chini.

Hukuwahi kuzifunga rangi zako kwa vernis, ile dawa ya juu inayozuia rangi isitoke. Ya kung'aa uliikataa, ukasema gari litaonekana kama kiatu cha arusi. Ile isiyong'aa, mfanyabiashara mmoja alikuahidi kila safari na kila safari alisahau. Kwa hiyo kitambaa kibichi tu kilitosha kuzifuta.

Baada ya mazishi Mama yako alinipigia simu, akaniambia nije nichukue vile vigari vyako vya plastiki. Unajua hakuvipenda. "Vita iko inje, na weye unailetaka tena mu nyumba," alikuwa anakuambia, na wageni wakija alitupa kitambaa juu ya étagère, ile rafu yako. Nilifika kwenu Ruwenzori, kule Beni, nikijua nitavikuta chini ya kitambaa.

Nilivikuta dirishani, vimepangwa. Char, kile kifaru, jeep zako, na ile camion kubwa yenye bâche, turubai lake. Zote za kijani kama majani mapya. Chumba kilinuka sabuni.

"Nimebisafisha byote," aliniambia, na kwa mara ya kwanza tangu ufe niliona uso wake umetulia kidogo. "Kwanza ubiache tu hapa. Batu baone mutoto yangu hakukuwa muchafu."

Nilimshukuru kwa Kinande: "Wasingya, Mama." Kazi yako ya miaka ilikuwa imekwenda na maji ya beseni. Katika gari la kurudi Butembo nikalia kiasi kwamba mama mmoja aliyekaa kando yangu alinipa mouchoir, leso yake, akaniuliza nimefiwa na nani. Nilikuzika bila chozi, nikaja kukulilia kwa kutu ya plastiki.

Niliamua nisimwambie kitu. Nilifikiri nitanyamaza mpaka nisahau.

Lakini Mama alikuja mwenyewe. Alikuwa amekuja kumsalimia dada yake kule Rughenda, hapa hapa Butembo, akapita dukani kunijulia hali. Nikampa kiti, nikampa maji ya kunywa. Akainua macho, akaiona jeep yangu juu ya étagère, ile uliyoniachia. Akasimama. Akachovya ncha ya kitenge ndani ya glasi.

"Na hii pia, masikini," akasema, na akaanza kusugua.

Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika mama ya mtu namna ile.

"Hapana, Mama. Ile hapana uchafu. Njo Sadiki mwenyewe aliiweka."

Akaangalia kitenge. Alama ndogo ya kahawia ilikuwa imebaki pale. Akaangalia jeep, akaangalia tena kitenge.

"Kumbe niliosha kazi yake."

Nilitaka kumdanganya. Wallahi, kama mnavyosema ninyi, nilitaka. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akakaa. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejieleza mbele ya wazee.

"Kambale, mwili yake baliosha banaume. Njo sheria ya dini, sikatae. Lakini alikuya na matope mpaka mu masikio, na miye mama yake sikumupanguza hata mukono. Kisha naingia mu chumba yake, nakuta bigari biko na matope. Nikasema, basi, bile nitaosha miye."

Ndipo nikagundua bado nilikuwa nimemshika mkono. Nikauachia.

Halafu akaniuliza, "Ile camion ya kubwa, matope aliwekaka wapi?" Nikamweleza: magurudumu yote, halafu ubao wa nyuma mpaka juu, isipokuwa pembe moja ambapo ulikuwa umeyafuta. Nikamwambia mimi siku zote niliona pale kama kosa, mara nyingi nilitaka kukuambia upajaze.

Akafunika mdomo kwa kitenge.

Wewe ulijua, Sadiki, na hukuniambia kamwe. Ni yeye aliniambia: vile walivyokimbia kutoka shambani nyuma ya Oicha wewe ukiwa mgongoni mwake, vile camion ya jeshi iliyokuwa inarudi tupu iliwapakia kwenye mvua, vile ndani kulijaa watu akasimama nyuma kabisa, ameshika pembe ya ule ubao mpaka Beni, asithubutu kubadilisha mkono.

"Nilimuelezaka mara moja tu, akiwa mutoto," alisema. "Nikafikiri hakusikia. Na ile camion yake, miye sikuiangaliaka hata siku moja."

Jumamosi iliyopita nilishuka Beni na feutres zangu. Tulitandika gazeti mezani, Mama akakaa karibu nami na miwani yake. Ndugu yangu, mkono wangu si wako. Kutu yangu ilikuwa nzito kama mchuzi, na Mama kila mara: "Punguza, Kambale. Punguza." Nilifuta, nikaanza tena. Mchana ulipita. Ubao wa nyuma ulipokuwa umejaa matope, kabla haujakauka, nikamsogezea camion. Hakuuliza. Alilowesha kidole gumba, akakiweka pale kwenye pembe, akakandamiza, akakiondoa, matope yakatoka nacho.

Alama ni kubwa mno. Imekula karibu nusu ya ubao. Kwa kipimo cha camion ile, ni mkono wa jitu. Wewe ungecheka. Tuliiacha vilevile.

Nikamuuliza kama tuzirudishie pia jeep na char uchafu wao. Akatikisa kichwa.

"Bile bingine habikutubeba," alisema. "Bikae safi."

Sasa camion yako iko sebuleni, bila kitambaa juu yake, hata wageni wakija. Wakiuliza mbona chafu, sijui anawajibu nini. Mimi mbele yangu aliigeuza tu, ubao wa nyuma uelekee mlangoni.

Mvua inapungua, kuna mtu anagonga, anataka daftari. Nikuachie hapa. Ninachokuahidi ni hiki: nitashuka Beni njia ikiwa nzuri, na ikiwa mbaya nitajaribu. Sitamwacha Mama yako akae peke yake na ile camion.

Nenda salama, Sadiki. Sisi tuko.

Kambale