Mwenye Mbuzi Akinyamaza

Kwa Baba yangu,

Goti limepoa, ama baridi ya Kisaju bado inakusumbua? Na Mama je, kifua kimefunguka? Mimi huku Toronto niko mzima, namshukuru Mungu, ingawa theluji imefika dirishani na ugali wa huku ni wa kujidanganya.

Baba, tangu nikuandikie kuomba ruhusa ya kuolewa na Yusuf, yule wa duka la Kitengela, hujanijibu hata neno. Najua ni Mwislamu, na najua watu wa kanisa wataongea. Nimelia, sitakuficha. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kumwambia tuachane.

Halafu kazi ikanishika sikio. Unajua mimi huchukua programu zilizoandikiwa kompyuta za Unix, nazifanya zitembee kwa Windows. Hizo mbili huongea kwa mtandao kila moja kivyake, kwa hivyo tunaandika programu ya kukaa katikati itafsiri, vile wewe hukaa katikati ya Wamaasai na wanunuzi wa mbuzi. Sasa yangu, ikiunganishwa tu na kompyuta nyingine, inakata mawasiliano! Bosi akaanza kuniangalia vibaya, na mkataba ulikuwa unaisha.

Kumbe Windows ikiulizwa habari ambayo haijafika, hujibu "bado, ngoja" kwa nambari yake, na Unix iko na nambari nyingine ya jibu hilohilo. Mimi nilitafsiri maswali yote nikasahau majibu. Programu ikiona nambari isiyoijua inadhani imekataliwa, inafunga na kwenda zake.

Nilicheka peke yangu ofisini. Nilikumbuka ile siku ya soko nilitaja bei, mzee mwenye mbuzi akanyamaza, nikageuka niende. Ukanishika mkono: "We Wambui, unaenda wapi? Kwani amesema hapana?" Tukasimama jua likituchoma mpaka akakohoa, akasema, "Haya, shika kamba."

Nilirekebisha, ikakubali, na mkataba nimeongezewa. Hiyo ni kazi yako, Baba. Asante. Asante sana.

Ile barua ya kuachana na Yusuf nimeirarua. Ukisema hapana, nitaisikia kwa mdomo wako mwenyewe.

Nisalimie Mama, na kaka Njoroge anayekusaidia kuswaga mbuzi. Mama Naserian, jirani wetu wa maziwa, mwambie nimemsalimu kwa Kimaasai chake: sopa.

Chukua muda wako, Baba. Mimi siendi, nimesimama papa hapa karibu na mbuzi.

Binti yako,
Wambui