Binti Yangu Ananificha Kitabu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni kinyozi, nina binti mmoja wa darasa la nne, mama yake hushinda kazini kwa hiyo akitoka shule anakuja kwangu, na tangu zamani alikuwa anakaa na wateja wanaosubiri zamu akisoma vitabu vya hadithi anavyoazima shuleni, nami kwa furaha nikamwambia awasomee kwa sauti, wakampa jina la Redio, akikosea neno namsahihisha hapo hapo huku nikinyoa, wateja wanacheka kidogo, si kwa ubaya, na ukurasa ukiisha namuuliza maswali ili waone ameelewa. Sasa amegoma, anasema hapendi tena kusoma. Lakini juzi niliingia nyuma ya pazia kuchukua taulo nikamkuta anasoma kimya, anatabasamu peke yake, na aliponiona akakikalia kitabu kama amekiiba. Nikamuuliza kwa nini anifiche mimi, baba yake. Akasema, "Hiki nilitaka kiwe changu, baba." Mshauri, nimeumia sana. Nifanye nini ili anisomee tena?

Baba Redio

Mzee mwenzangu, kwanza hilo jina ulilosainia lifute, na wateja nao waliache. Halafu tulia. Mtoto anayejificha ili asome, bila mwalimu, bila kuulizwa amefika ukurasa wa ngapi, wazazi wangapi wanamwomba Mungu awape wa hivyo! Wako amekimbia mitihani yako tu.

Najua ulikuwa unamwonea fahari, na najua sauti yake ilikuwa inakufupishia siku. Mwambie hivyo hivyo, akusikie. Mwombe radhi kwa kumsahihisha mbele za watu, tena mkiwa wawili, si mbele ya walewale waliocheka. Kisha mwekee kigoda na taa huko nyuma ya pazia, na ukitaka taulo, piga hodi. Usichungulie. Usimuulize hadithi imeishaje, hata kama roho inakuwasha.

Pengine utangoja miezi. Ngoja. Siku moja atatoka mwenyewe, kidole kikiwa katikati ya kitabu, akwambie, "Baba, sikiliza hapa." Siku hiyo zima mashine. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa atasubiri.